Ganzi ya taya la chini: namna ya kuichoma bila kumdhuru mgonjwa

Mwongozo huu ni kwa matabibu wa meno na madaktari walio mazoezini wanaoanza kuchoma ganzi ya neva ya taya la chini. Nimeuandika baada ya kumsimamia kijana mmoja mwenye mkono mzuri sana, ila aliruka yale yanayotangulia sindano, na alikuwa na haraka ya kusukuma dawa. Madhara mengi huanzia hapo.

Hatua ya 1: Uliza, kisha pima uzito

Uliza presha, moyo, ini na dawa anazotumia. Mwenye ugonjwa wa moyo, adrenalini iliyochanganywa kwenye dawa ya ganzi isizidi takriban mikrogramu 40 kwa kikao, yaani katriji mbili (vichupa vya dawa vinavyopachikwa kwenye bomba) zenye adrenalini ya 1:100,000. Kwa 1:80,000 mbili zinapitiliza kidogo, kwa hiyo ishia moja na nusu. Anayetumia propranolol (dawa ya presha na moyo) naye mpe kidogo sana na umwangalie, maana presha yaweza kupanda ghafla.

Mgonjwa akisema "sindano ya meno huwa inanikataa", muulize ilimfanya nini. Jasho na kizunguzungu mara nyingi ni kuzimia kwa woga. Moyo kwenda mbio ni adrenalini. Vipele, midomo kuvimba na kifua kubana ndiyo dalili za mzio, na mzio wa lignokeni, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ni nadra sana.

Mtoto apandishwe kwenye mizani. Usikadirie kwa macho.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuvuta dawa

Lignokeni ya asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 kwa kila mililita. Katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, ya 2.2 ina 44. Lignokeni yenye adrenalini inaruhusiwa hadi miligramu 7 kwa kilo, isizidi 500. Mimi nabaki kwenye 4.4 kwa kilo, isizidi 300, kwa kila mgonjwa, iwe na adrenalini au isiwe nayo. Kichwa kikichoka saa nane mchana, kukumbuka namba moja ni rahisi kuliko mbili.

Mtoto wa kilo 15: 15 × 4.4 = miligramu 66. Hiyo ni mililita 3.3, haifiki hata katriji mbili. Sasa angalia vituo vinavyotumia chupa kubwa ya lignokeni na bomba la mililita 5. Ukilijaza, umeshika miligramu 100. Ukilimaliza kwa mtoto huyo umepita kiwango kwa nusu nzima, na bomba halikuonyi. Kwa watoto tumia bomba la mililita 2, na kiwango cha mwisho kiandikwe kwenye karatasi mbele yako.

Katriji zenye adrenalini ndizo ninazozipenda. Lignokeni tupu huishiwa nguvu kwenye jino ndani ya dakika chache, mgonjwa anaruka, unaongeza, unaongeza tena, na sumu inajilimbikiza hivyo hivyo. Articaine, dawa nyingine ya ganzi, ni asilimia 4, kwa hiyo miligramu zake kwa kila mililita ni mara mbili, na kwa ganzi hii siichagui, maana imehusishwa na ganzi ya ulimi isiyoondoka.

Hatua ya 3: Gusa mfupa

Sindano ndefu, namba 27 au 25. Namba 30, iliyo nyembamba zaidi, hupinda ndani ya nyama na ndiyo inayokatika zaidi. Usiizamishe sindano yote hadi kwenye shina, pale inapoungana na bomba. Mfupa huguswa kwenye milimita 20 hadi 25. Ukiugusa mapema mno, uko mbele sana. Usipougusa kabisa uko nyuma sana, na hapo usisukume hata tone: dawa ikiingia kwenye tezi ya mate ya parotidi, nusu ya uso italegea na jicho halitafumba.

Hatua ya 4: Vuta kabla ya kusukuma

Hii ndiyo hatua ninayoisimamia kuliko zote. Kwenye ganzi hii sindano huangukia ndani ya mshipa wa damu mara nyingi kuliko ganzi nyingine za mdomoni, kati ya asilimia 10 na 15 ya majaribio. Dawa ambayo ingekuwa salama kwenye nyama yaweza kuleta degedege ikiingia kwenye damu.

Ukigusa mfupa, rudi nyuma milimita moja. Vuta pistoni taratibu, kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu, ukuta wa mshipa unanyonywa na kuziba tundu, nawe unadhani uko salama. Kisha zungusha bomba robo mzunguko hivi, vuta tena, kwa sababu mdomo wa sindano huenda umelala kwenye ukuta wa mshipa. Ikija damu, toka, badilisha katriji, anza upya. Uzi mwekundu mwembamba nao ni damu.

Hakikisha bomba lako linaweza kuvuta. Bomba la chuma lisilo na ndoano au pete ya kuvutia usilitumie kwa ganzi hii, hata kama ndilo pekee lililobaki kabatini.

Sukuma polepole, katriji moja isipungue dakika moja kwenye saa. Vuta tena kila baada ya robo ya katriji. Ongea na mgonjwa muda wote. Akisema "daktari, moyo unanidunda", simama hapo hapo.

Hatua ya 5: Ganzi isiposhika

Subiri dakika tano kamili. Rudia mara moja, ukihesabu miligramu zilizokwisha kuingia. Palipo na usaha dawa hufanya kazi kidogo, na kuongeza dozi hakubadilishi hilo.

Hatua ya 6: Sumu ikianza

Ladha ya chuma, masikio kuvuma, maneno mengi yasiyoeleweka, misuli kutetemeka. Acha kazi, mlaze, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, ita msaada. Degedege litulizwe kwa diazepam au midazolam. Mafuta maalumu ya kuchomwa mshipani ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo, ndiyo tiba ya sumu hii, kwa hiyo ujue mapema hospitali gani ya karibu inayo.

Hatua ya 7: Kabla hajaondoka

Andika miligramu kwenye faili. Mwambie mama kwamba mdomo utakufa ganzi saa tatu hadi tano, mtoto asile na asitafune shavu. Akirudi kesho na mdomo uliovimba wenye utando mweupe, mara nyingi amejing'ata: maji ya chumvi na dawa ya maumivu vinatosha, antibayotiki haina kazi hapo.