SUV ya familia Mombasa: piga hesabu ya ushuru kabla ya kupenda gari

Bei inayobandikwa kwenye kioo cha gari yadini ina vipande viwili. Cha kwanza ni gari lenyewe pamoja na nauli ya meli. Cha pili ni kodi, na kwa SUV nyingi za familia, zile za cc 1,600 hadi 2,500, kodi hiyo inakaribia kulingana na thamani ya forodha ya gari. Asiyejua kipande cha pili kinavyohesabiwa hubembelezana na muuzaji juu ya shilingi elfu ishirini, na laki mbili zinampita hazioni.

KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitazami risiti yako ya Japani. Inatazama orodha ya CRSP, yaani bei ya rejareja ya gari hilo likiwa jipya, orodha iliyofanywa upya kuanzia Julai 2025. Kutoka bei hiyo hukatwa uchakavu kulingana na umri wa gari, huondolewa kodi zilizomo ndani yake, na kinachobaki ndicho thamani ya forodha. Tuseme imetoka shilingi 1,000,000 na injini ni ya petroli cc 2,000:

Ushuru wa forodha, asilimia 35: 350,000
Ushuru wa bidhaa, asilimia 25 ya 1,350,000: 337,500
VAT, asilimia 16 ya 1,687,500: 270,000
IDF (ada ya tamko la uagizaji), asilimia 2.5: 25,000
Tozo ya reli, asilimia 2: 20,000
Jumla: 1,002,500

Injini ikiwa cc 1,500 au chini, ushuru wa bidhaa unashuka hadi asilimia 20 na jumla inakuwa 924,200. Hapo umeokoa 78,300 kwa kila milioni ya thamani. Ikivuka cc 3,000 kwa petroli, au cc 2,500 kwa dizeli, kiwango kinapanda hadi asilimia 35 na jumla inafika 1,159,100. Ndiyo maana Prado ya dizeli ya lita 2.8 inauma kuliko ya petroli ya lita 2.7, na ndiyo maana Honda CR-V ya turbo ya cc 1,496 inastahili kutazamwa mara mbili: ni gari la ukubwa wa Nissan X-Trail linalotozwa kwa kiwango cha gari dogo.

Juu ya hapo weka gharama za bandari, hati ya kutolea gari kutoka kwa wakala wa meli, ada ya wakala wa forodha, usajili na namba. Mwambie wakala akuandikie kila kimoja kwenye mstari wake. Gari likikaa bandarini kupita siku za bure, ada ya uhifadhi huhesabiwa kila siku. Nyaraka zinazochelewa kutoka Japani ndizo huleta balaa hili, kwa hivyo zifuatilie meli ingali baharini.

Sasa tazama maana ya hesabu hii. X-Trail mbili za mwaka mmoja na modeli moja: ya kwanza ina alama 3.5 ya mnada (alama ya hali ya gari inayotolewa na wakaguzi wa mnada Japani) na kilomita 140,000, ya pili ina alama 4.5 na kilomita 60,000. Tuseme Japani zinapishana kwa shilingi 180,000. Zikifika bandari ya Kilindini zinalipa kodi ileile, nauli ileile, wakala yuleyule. Kwenye gari litakalokugharimu milioni 2.4 barabarani, tofauti hiyo ni asilimia 7.5 tu. Kubana pesa kwenye hali ya gari ndiko kubana pale ambapo kodi haikusaidii hata senti. Bana kwenye ukubwa wa injini, kwenye modeli, kwenye mapambo ya ndani. Usibane kwenye hali.

Kuhusu umri, sheria ni miaka minane kwa kuhesabu mwaka wa usajili wa kwanza: kwa 2025 mwisho ulikuwa 2018, kwa 2026 ni 2019. Usukani lazima uwe kulia. Gari linalokaribia kikomo likipitiwa na Desemba likiwa melini ni kesi ngumu, basi usiagize la mwaka wa mwisho baada ya Oktoba.

Kuchagua gari

Anza na safari zako, si na sura ya gari. Anayekaa Nyali na kufanya kazi mjini huendesha kilomita sita au saba, nusu yake akiwa kwenye foleni ya daraja. Kwa mtu huyu Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ni kosa, hata kama ni nguvu tamu na inakunywa kidogo. Chujio la masizi la DPF hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Likikatizwa kila siku kabla halijamaliza, dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili na oili inapanda badala ya kupungua. Chomoa kijiti cha oili cha Mazda hiyo utaona alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikigusa X, ibadilishwe siku hiyo. Lakini anayekwenda Nairobi kila wiki, kilomita 480 kwenda pekee, atalifurahia gari hilohilo kuliko jingine lolote la bei yake.

X-Trail T32 ndiyo inayojaa yadini, na kwa sababu nzuri: buti pana, viti vinavyofutika kwa urahisi, na kuna ya safu tatu. Safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima akikaa humo hadi Malindi atashuka amekunjika. Udhaifu wake ni gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua, kupata joto. Ikizidiwa, kompyuta huizuia injini isipande mzunguko na gari linakuwa zito ghafla, hasa kwenye mlima likiwa limejaa watu na AC imewashwa. Mafundi wanaozijua hubadilisha mafuta ya NS-3 kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Fundi akikwambia ATF yoyote, yaani mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, inafaa, mpe salamu na uondoke. Herufi za chasi zinakueleza ulichonacho: NT32 ni ya magurudumu manne, T32 tupu ni ya mawili, na H ikitangulia ni haibridi. Kwa lami ya mjini magurudumu mawili yanatosha na yana vitu vichache vya kuharibika.

Forester ya SK, iliyotoka 2018, ina nafasi ya milimita 220 chini ya tumbo, zaidi ya CX-5 yenye 210 na Harrier ya kizazi cha 60 yenye 190. Ukiishi ndani kule Utange au Mtwapa ambako mvua za masika zinakata njia, tofauti hiyo utaihisi. Ukikaa Tudor, hapana. Ila Subaru hudai tairi nne za aina moja zilizochakaa sawasawa, mzunguko usipishane zaidi ya milimita 6. Tairi moja ikipasuka huenda ukanunua nne, na hesabu hiyo haimo kwenye bei ya kioo.

Harrier ni raha na ni jina, na jina linalipiwa. RAV4 iliyoanza kuuzwa Japani Aprili 2019 ni gari zuri zaidi la familia kuliko Harrier ya pesa hizo, lakini haibridi yake ya magurudumu manne ina kiungo cha waya wa umeme mkubwa kwenye mota ya nyuma ambacho kimejulikana kushika kutu katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Nasi chumvi tunaipata bure kutoka baharini. Kiangalie kabla ya kulipa. Kwa haibridi yoyote angalia pia tundu la hewa la betri, mara nyingi liko kwenye viti vya nyuma. Likizibwa na mchanga wa pwani na nyuzi za mkeka, betri inachemka.

Kuna wanaotazama video za India, wakaona Hyundai Creta ya laki kumi na moja za rupia, wakazidisha kwa shilingi moja na nusu, wakapata milioni 1.65 na kuanza kuota. Bei ile ni ya chumba cha maonyesho. Mhindi mwenyewe anaongeza kodi ya barabara ya jimbo na bima ndipo alitoe gari, na tangu Septemba 22, 2025 SUV za petroli na dizeli ndefu kuliko mita nne zinatozwa GST (kodi ya bidhaa na huduma ya India) ya asilimia 40 ambayo tayari imo ndani ya bei hiyo. Huku kwetu kuna nauli na jedwali la hapo juu. Zile zilizotengenezwa India zinazouzwa hapa mpya, mfano Suzuki Grand Vitara ya cc 1,462, zipime kwa bei ya hapa: dhamana na injini ya kiwango cha asilimia 20 upande mmoja, udogo wa bodi upande mwingine.

Kulikagua gari

Anza na karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi za kuogopa Pwani ni S na C, zote za kutu. Alama R au RA badala ya namba ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi hiyo na zile za cheti cha kuliondoa gari Japani, kisha na dashibodi. Zikipishana kurudi nyuma, mazungumzo yameisha. Muuzaji asiye na karatasi anaweza kuwa mkweli, lakini bei yake ishuke kwa ajili hiyo.

Kisha lipandishe gari. Kutu ya juujuu kwenye ekzosi ni kawaida. Kutu inayobanduka kwa maganda kwenye fremu ndogo inayoshika injini, kwenye mabomba ya breki, au kwenye viti vya shokamzoba, si ya kawaida. Magari kutoka sehemu za theluji, Hokkaido kwa mfano, huja nayo tayari, na hewa ya hapa huiendeleza. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa chini ya gari lote ni swali, si pambo. Ikwangue kwa bisibisi.

Mbele, nyuma ya bampa, pitisha kidole kwenye kondensa ya AC. Mapezi yakisagika kuwa unga mweupe, imekwisha hata kama leo inapoza. Washa AC gari likiwa limesimama juani dakika kumi, weka kipimajoto kwenye tundu la katikati, likianza kutembea isome kati ya nyuzi 7 na 12. Soma kibandiko cha gesi chini ya boneti: nyingine mpya zinatumia R-1234yf badala ya R-134a, na gesi hiyo ni ghali mno kujaza.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Mstari wa tope au harufu ya uvundo kwenye sehemu isiyovutwa kwa kawaida ni dalili ya mafuriko.

Majaribio ya barabarani yasiwe ya kuzunguka mtaa. Fika gari likiwa baridi, weka mkono juu ya boneti kabla ya kuwasha. Toka Makupa, pita Changamwe na Miritini, panda hadi Mazeras watu wanne ndani na AC ikiwaka. Kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, kanyaga kidogokidogo. CVT mbovu hutetemeka kama gari linalopita kwenye matuta madogo. Ukifika juu simama mlimani, ondoka tena, sikiliza. Kurudi, kwenye foleni, angalia kama feni inashika na kuachia. Wanaovuka Likoni wajaribu pia mteremko wa kivuko, maana bampa refu la mbele hukwaruza pale.

Tairi zina namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi hiyo ni ya kutupa hata kama imejaa meno. Tazama na saizi. 225/65R17 unaipata kila duka, lakini 225/55R19 ya CX-5 ya juu utaitafuta na utailipia.

Malipo na karatasi

Mkopo wa yadi husemwa kwa mwezi ili usisikike. Asilimia 1.5 kwa mwezi isiyopungua, kwa milioni moja na miezi 24, ni riba ya 360,000 na malipo ya 56,667 kila mwezi. Kwa kipimo cha benki cha riba inayopungua, hiyo ni zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Uliza mkopeshaji swali moja: nikilipa yote mwezi wa kumi, nitadaiwa kiasi gani? Jibu litakuonyesha riba ni ya aina gani. Bima kubwa tenga asilimia 3 hadi 6 ya thamani, na uulize ni kiasi gani utajilipia mwenyewe kila dai.

Kwa gari lililokwishasajiliwa, fanya utafutaji wa rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen siku ileile ya kulipa, si wiki iliyopita. Jina la benki likionekana, pesa ziende benki kwanza na barua ya kuliachilia itoke. Namba ya chasi isome kwenye chuma chenyewe, ilingane na rekodi. Uhamisho muuzaji auanzishe kwenye akaunti yake ukiwa umekaa naye, nawe uukubali kwenye yako kabla hujainuka.

Wiki ya kwanza badilisha oili, chujio zote na maji ya breki, hata kama umeambiwa imefanyiwa sevisi. Kila mwezi, na kila ukirudi ufukweni, osha chini kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Visima vingi vya kuoshea magari hapa ni vya maji ya chumvi, basi uliza kabla bomba halijafunguliwa.