SOMO: Namna ya kuangalia asasi ipi imepewa fedha na serikali ya Kanada (soma lote kabla ya kuuliza)

Habari zenu wana Tanga. Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu anauliza humu, "hivi ile asasi ya Chumbageni imekula shilingi ngapi za Wakanada?", na kila mara anatokea wa kumjibu kwa kubahatisha. Leo naandika mara moja. Admin abandike juu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Msingi wenyewe ni huu. Kanada wana Sheria ya Kupata Taarifa. Ilirekebishwa 2019, na kifungu cha 87 kinazibana taasisi za serikali yao kuu zitangaze kila ruzuku na kila mchango unaozidi dola 25,000 za Kanada. Kabla ya hapo, tangu 2005, walikuwa wakitangaza kwa sera tu. Tangazo linatakiwa litoke ndani ya siku 30 baada ya robo mwaka kuisha. Mwaka wao wa fedha unaanza Aprili 1, si Julai 1 kama wetu, kwa hiyo mkataba uliosainiwa Mei utarajie mwishoni mwa Julai. Huhitaji kumjua mtu ubalozini, huhitaji nywila, hulipi kitu.

Hatua ya 1. Fungua search.open.canada.ca/grants. Simu inatosha.

Hatua ya 2. Chagua Kiingereza, kama Kifaransa hukiwezi.

Hatua ya 3. Andika jina la asasi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, si lile la mtaani. Likigoma, jaribu kifupisho. Likigoma tena, andika neno moja tu la jina, lile lisilo la kawaida. Ukiandika "maendeleo" utajuta.

Hatua ya 4. Matokeo yakiwa mengi, chuja kwa mwaka na kwa idara. Misaada ya nje mingi iko chini ya wizara yao ya mambo ya nje.

Hatua ya 5. Fungua rekodi yenyewe, usiishie kwenye orodha. Ndani kuna jina la mpokeaji, namba ya mkataba, jina la programu, thamani, tarehe ya kuanza na kuisha, na maelezo mafupi ya kazi. Namba ya mkataba inakili pembeni, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 6. MAREKEBISHO. Hapa tulieni. Mkataba ukiongezwa muda au fedha, rekodi ya zamani haifutwi. Inaongezwa nyingine yenye namba ile ile ya mkataba, ila namba ya marekebisho inapanda: 0 ni mkataba wa awali, 1 ni badiliko la kwanza, na kuendelea. Na thamani inayoandikwa kwenye badiliko ni ya mkataba WOTE mpaka hapo, si nyongeza peke yake. Tuseme asasi ilianza na dola 200,000, ikaongezewa ikafika 260,000, halafu 300,000. Utaona mistari mitatu. Mwenye haraka atajumlisha apate 760,000, na kesho yake Ngamiani nzima inajua kwamba fulani kajenga ghorofa. Jibu ni 300,000. Ile hesabu iliyozunguka humu mwezi uliopita, mpaka watu wakasusia kikao, ilikuwa ya namna hiyo hiyo: mkataba mmoja umehesabiwa kila ulipoguswa. Kwa hiyo panga mistari kwa namba ya mkataba, chukua yenye namba kubwa ya marekebisho, nyingine ziache. Na kama badiliko la mwisho lina thamani ndogo kuliko la kwanza, usishtuke. Fedha hupunguzwa pia.

Tena, thamani hiyo ni ya mkataba. Haikwambii kwamba fedha yote imeshaingia benki. Usimwendee mhasibu wa watu na kichwa cha moto.

Hatua ya 7. Mji unaoandikwa ni wa mpokeaji, si wa mradi. Shirika lenye ofisi Ottawa likifanya mradi wa mikoko kwenye pwani yetu, kwenye mji utaona Ottawa. Ndiyo maana mtu anaandika "Tanga", anakosa, anasema zimefichwa. Hazikufichwa. Asasi ya hapa iliyopokea kupitia shirika la huko mara nyingi haitajwi kabisa, kwa sababu si yenyewe iliyosaini na serikali. Kwa mradi uliofanyika Tanzania, ile wizara ya mambo ya nje ina hifadhi yake nyingine ya miradi unayoweza kuitafuta kwa nchi. Zisomeni zote mbili.

Haya, ulizeni.

Mjukuu wa Makorora: Mkuu refu sana hili, niambie tu asasi yetu imo au haimo?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mjukuu wa Makorora: Nimeandika, haimo. Kwa hiyo mwenyekiti katudanganya?

Mwandishi: Mimi sijasema hivyo, na wewe usiseme. Huenda mlipata dola 25,000 au chini yake, na kiwango hicho sheria hailazimishi kitangazwe. Huenda mlipitishiwa na shirika jingine, soma hatua ya 7. Mwombe mwenyekiti mkataba, uangalie nani kasaini na nani.

Mama Mwani, Tongoni: Mwanangu hongera kwa kazi. Nimefika mpaka ndani ya rekodi, mjukuu kanishikia simu. Nimekuta zingine zina G, zingine C. Tofauti yake nini? Sisi kikundi chetu tunaandika andiko sasa hivi.

Mwandishi: Shikamoo mama. Umeuliza la maana. G ni ruzuku: ukitimiza vigezo unapewa, na kwa kawaida hawakudai hesabu ya kila senti. C ni mchango: fedha ina masharti ndani ya mkataba, unatoa taarifa ya kazi na ya matumizi, na wanaweza kuja kukagua. Kuna O pia, aina nyingine za uhamisho, hizo hazikuhusu. Kwa andiko lenu ningefanya hivi: tafuteni kwa Kiingereza neno la mwani, fungueni rekodi za miaka ya karibuni, msome yale maelezo mafupi na matokeo waliyoahidi. Mtaona kiwango walichozoea kutoa na lugha inayokubalika. Mkikuta ni C, tengeni bajeti ya mtunza hesabu tangu mwanzo. Vikundi vingi huisahau, halafu stakabadhi za boti na kamba zinatafutwa chini ya godoro.

Mama Mwani, Tongoni: Marahaba. Umenichekesha, zetu ziko kwenye kopo la maziwa.

Msema Kweli: Wewe unatetea hizi asasi. Nani anakulipa?

Mwandishi: Wateja wa fotokopi, Barabara ya 8. Umesoma hatua ya 6?

Msema Kweli: Nimeuliza tu.

Fundi Raskazone: Mimi nimepakua faili zima, Excel imeganda.

Mwandishi: Lazima igande. Excel mwisho wake ni mistari 1,048,576, kinachozidi inakitupa. Chuja kwanza, ndipo upakue matokeo yako tu. Na ukibadilisha kwenda shilingi kumbuka ni dola ya Kanada. Watu wanapiga kwa bei ya dola ya Marekani, hesabu inavimba.

Kijana wa Pongwe: Kaka, na za kwetu je? Ile asilimia 10 ya halmashauri nitaiona wapi kwa majina?

Mwandishi: Ile ni mikopo isiyo na riba, si ruzuku: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani. Iko kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii na mbao za matangazo. Ukizungushwa, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia yeyote anaandika barua, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Usiandike "naomba taarifa za mikopo", watakujibu kwa kurasa za sera. Andika vikundi vilivyopewa, kata gani, kiasi gani, mwaka gani wa fedha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo.

Dada wa Mabawa: Na asasi zenyewe hazilazimiki kusema?

Mwandishi: Zinalazimika, dada. Kanuni za NGO za 2018 zinataka inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 iweke wazi fedha hizo na matumizi yake. Uliza hilo kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida.

Mjukuu wa Makorora: Mkuu nimeipata! Ilikuwa kwa kifupisho. Mistari minne, najumlisha...

Mwandishi: USIJUMLISHE.