Jinsi ya kuisikiliza Sehnsucht ya Rammstein kama Kijerumani chako kinaishia kwenye shule na hela

Niseme mapema, mi Kijerumani sijui. Kilichotuingia sisi ni shule na hela (ndio, vimetoka huko, Schule na Heller, enzi za mkoloni) na kwa hayo mawili huwezi kumwelewa Till Lindemann, mwimbaji wa Rammstein, bendi ya metal ya Ujerumani, akianza kunguruma. Ila albamu hii ya 1997 inasikilizika vizuri tu, Marekani kwenyewe iliuza mpaka ikapata platinamu na wanunuzi wengi walikuwa hawaelewi neno. Shida ni namna unavyoianza.

Mi niliianza vibaya, nilianza na Du hast, si unajua ipo kwenye santuri ya ile filamu ya The Matrix, nikairudia weee mpaka nikaichoka, afu nikarukaruka hizo zingine sekunde ishirini ishirini nikasema aah zote moja. Jirani naye akaniuliza kama siku hizi nachomelea mageti. Kwa hiyo we usiruke. Tenga dakika 44 hivi, ndo albamu nzima hiyo, nyimbo 11, vaa hedifoni zenye besi ya maana, spika ya simu achana nayo maana zile gitaa mbili za Richard Kruspe na Paul Landers zinapigwa kwa pamoja kama mashine moja na kwenye simu utasikia nyuki tu. Mara ya kwanza usifungue maneno kabisa. Sikiliza hiyo R anavyoiviringisha, sikiliza ngoma za Schneider zisivyokuwa na haraka, na hasa mtafute Flake kwenye kinanda. Watu wanadhani hii ni bendi ya gitaa, mi nasema ukimtoa Flake unabaki na kiwanda kisicho na wafanyakazi. Ule mluzi wa mwanzo wa Engel nao ukiusikia mara moja utalala nao.

Raundi ya pili ndo ufungue tafsiri, na hapa usikimbie. Anza na jina. Sehnsucht ukiitafuta utaambiwa "hamu", lakini hamu ya chipsi sio Sehnsucht, ni ile hamu ya kitu kilicho mbali ambacho moyoni unajua hukifikii, karibu na ukiwa. Kwenye wimbo wenyewe jamaa anataka kulipanda chozi la mtu kama farasi, lishuke kidevuni limpeleke mpaka Afrika, kwa simba jike alikokuwa na kwao zamani (wametutaja bwana, na simba juu, haya), afu kidole kinateleza kwenda Mexico, kinazama baharini. Mi hapo naona ramani. Hawa jamaa wote sita wamekulia Ujerumani Mashariki, ukuta wa Berlin umeanguka 1989 wao wameshakuwa vijana, sasa mtu aliyekulia mahali ambapo kusafiri Magharibi ilikuwa mtihani akiimba habari za kidole kinachozama njiani mi siwezi kuisikia kama kelele tena. Na albamu wameenda kuirekodi Malta, kisiwani, Ulaya huku Afrika kule, prodyuza Jacob Hellner wa Sweden. Ni tafsiri yangu hiyo, ukiikataa poa.

Du hast sasa ukiifikia, namba 5, utaielewa vizuri kama umekua na taarabu nyumbani, maana ni fumbo. "Du hast" ni kama "ume-" inayosubiri kitenzi, ila kwa sikio ni sawasawa na "du hasst", unachukia. Anaongeza neno moja moja, du, du hast, du hast mich, we unasikia "unanichukia", afu ndo anamalizia gefragt, kumbe "umeniuliza". Swali lenyewe ni kiapo cha ndoa kile cha mpaka kifo kiwatenganishe, na jibu ni Nein, hapana. Kuna toleo la Kiingereza pia, wamechagua moja kwa moja "unachukia" na fumbo likafa palepale, usipoteze bando.

Tahadhari kidogo. Tier na Spiel mit mir zinagusa mambo mazito ya ndani ya familia, na Bück dich (yaani "inama") usiiweke mama mkwe akiwepo hata kama haelewi, tafsiri zipo kila simu. Wimbo huo jukwaani ulimlaza rumande Till pamoja na Flake kule Worcester, Massachusetts, mwaka 1999. Bestrafe mich na Küss mich mi huwa sina la kusema, zipite tu.

Ukiwa na muda wa raundi ya tatu chukua tatu tu na uzisikilize usiku. Klavier, ya mwanamke, piano na mlango uliofungwa, inaanza taratibu mpaka utashangaa ni bendi ile ile. Eifersucht, wivu wenyewe, nikiwa mzuri kuliko wewe nichane uso, nikiwa na akili kuliko wewe niue uule ubongo wangu, mtu anaimba hivyo kama anasoma risiti. Na namba 9, Alter Mann, hii nakuomba usiiruke hata kama umechoka. Kuna mzee amekaa kando ya maji, kila siku na upepeo wake anayalainisha maji yatulie, afu anakuja kijana anarusha jiwe kwa kujifurahisha tu, maji yanavurugika, na mzee anamwambia hayo maji ndo yawe kioo chako. Nilikuwa nimeiruka kwa mwaka mzima.