Jinsi ya kupima kama ni bahari inayovuta watu: mfano wa Kenya

Usianzie kwenye ramani ya dunia. Ukiitazama, miji mikubwa imejipanga ufukoni, na jibu linakuja haraka mno. Chukua nchi moja yenye sensa ya kaunti kwa kaunti. Hapa tunatumia Kenya, sensa ya 2019.

Chagua kaunti zinazogusa bahari kwelikweli: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Taita Taveta huingizwa kwa mazoea kwa sababu ilikuwa Mkoa wa Pwani, lakini haina ufuko. Iache.

Jumlisha watu wa kaunti hizo tano (3,988,803), jumlisha na maeneo yake (kama kilomita za mraba 65,200), ndipo ugawanye. Utapata watu 61 kwa kilomita ya mraba, ilhali nchi nzima ni 82. Wengi huharibu hapa: hutafuta wastani wa misongamano mitano, yaani watu kwa kilomita ya mraba wa kila kaunti. Mombasa peke yake ina 5,495, hivyo jibu lao huvuka 1,100 na Pwani huonekana imefurika.

Sasa linganisha. Lamu ina 23 na Tana River 8, na zote zina bahari. Vihiga, huko magharibi, ina 1,047, kwa kuwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima na shamba dogo hutoa mavuno mara mbili. Kwa hiyo kila mahali pa pwani paulizie mambo matatu: bandari, maji matamu, mvua.

Mombasa ina la kwanza. Jina Kilindini linajieleza: kilindi, maji ya kina ambamo meli kubwa hutia nanga bila kupigwa na mawimbi. Reli ilianzia hapo 1896, ikafika Kisumu 1901. Meli ikikutana na reli, mzigo hushushwa, huhifadhiwa, hulipiwa ushuru, hupakiwa tena, na kila kazi hutaka mikono. Maji matamu ndiyo shida yake. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupenya. Ndiyo maana mji hunywa pia maji ya chemchemi za Mzima, Tsavo, yanayosafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200.

Kabla ya kuchora ramani, rudia hesabu kwa kaunti ndogo, yaani sehemu ambazo kila kaunti imegawanywa. Wastani wa Kilifi ni 116, lakini watu wamebanana kando ya barabara ya Mombasa–Malindi. Ukiipaka kaunti nzima rangi moja, nyika kavu ya Ganze itaonekana imejaa kama Mtwapa, mji ulio kando ya barabara hiyo.