Kabla Hujakarabati Jikoni: Pima Kama Umeme wa Nyumba Utatosha

Wateja wengi huniita vigae vikiwa vimeshabandikwa, makabati yako njiani na oveni iko kwenye boksi sebuleni. Umeme ukionekana hautoshi wakati huo, kuna ukuta wa kubomoa. Nakusihi ufanye hesabu hii kabla hujalipia hata kigae kimoja. Andaa karatasi, kalamu, tochi na kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi. Kufungua na kuunga nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni. Sisi hapa tunasoma na kuhesabu tu.

Hatua ya 1: Jua unapewa ampea ngapi

Anzia kwenye mita, fuata waya hadi swichi kuu, kisha tafuta fyuzi au breka iliyo kwenye njia hiyo. Soma namba yenye herufi A, yaani ampea, kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya: 40, 60, 63 au 100. Usidanganyike na namba ya swichi kuu yenyewe, maana hiyo inaeleza swichi inavumilia kiasi gani. Swichi ya ampea 100 ikiwa nyuma ya fyuzi ya 40, chako ni 40. Fyuzi ikiwa na lakiri, usiikate. Waulize wanaokuuzia umeme laini yako ni ya ampea ngapi.

Ampea ukizizidisha kwa volti unapata wati. Mimi natumia volti 230, fezi moja (waya mmoja wa moto unaoingia nyumbani); za kwako zikiwa tofauti, weka zako. Ampea 40 ni wati 9,200, ampea 60 ni wati 13,800.

Hatua ya 2: Orodhesha vifaa vyote vya nyumba

Vyote, siyo vya jikoni peke yake, kwa sababu hita ya kuogea na pasi vinakula kwenye laini hiyohiyo. Wati ziko kwenye kibandiko cha mtengenezaji, nyuma au chini ya kifaa. Kifaa ambacho hujakinunua, soma karatasi yake ya vipimo. Kuwa makini na maikrowevu: ile 800 iliyoandikwa mlangoni ni nguvu inayofika kwenye chakula, wakati kwenye soketi inavuta wati 1,200 au zaidi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya saa yenye matumizi makubwa

Fikiria jioni moja ya kwenu: nani anapika, nani anaoga, nini kinawaka kwa pamoja. Tuchukue mfano wa jikoni jipya lenye jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, la wati 7,200 (ampea 31.3), oveni ya wati 3,000 (13), mashine ya kuosha vyombo ya wati 2,000 (8.7) na birika la wati 2,200 (9.6). Friji na taa tuzipe ampea 3, na hita ya kuogea ya wati 3,500 inavuta 15.2.

Ukijumlisha kavukavu unapata karibu ampea 81. Lakini plati za jiko na oveni hujiwasha na kujizima zenyewe joto unalotaka likishafikiwa, na ni nadra zote ziwe juu kwa pamoja. Kwa vifaa vya kupikia vya nyumbani mafundi wa Uingereza huhesabu ampea 10 za kwanza kamili, kisha asilimia 30 ya zinazobaki. Nami naiona kanuni hiyo ina busara. Jiko na oveni ni ampea 44.3, tukitoa 10 zinabaki 34.3, asilimia 30 yake ni 10.3. Jumla 20.3. Ongeza vingine vyote bila kupunguza, unafika ampea 56.8.

Laini ya 40 imeshindwa. Ya 60 inapita kwa karibu ampea 3 tu, na mimi singeikubali. Napenda ibaki angalau moja ya tano ya uwezo, kwa sababu pampu, kiyoyozi au mashine ya kufulia vitafuata tu.

Utasikia mtu akisema, "Mbona kwangu breka haijawahi kujikata?" Huo si ushahidi. Breka za kawaida za nyumbani zimetengenezwa zibebe asilimia 13 juu ya kiwango chake kwa saa nzima bila kukata. Breka ya 40 inaweza kubeba ampea 45 jioni nzima kimya kimya, huku maungio ya nyaya yakichemka.

Hatua ya 4: Kagua nyaya zinazoingia jikoni

Laini kuu inaweza kutosha na jikoni bado lisitoshe. Tafuta maandishi kwenye ganda la waya: 1.5 mm² kwa kawaida ni ya taa, 2.5 ya soketi, 6 ya jiko lenye breka ya ampea 32. Waya ukiwa mrefu au umepita kwenye sehemu yenye joto, fundi atapandisha hadi 10. Nyumba nyingi za zamani zina soketi zote za jikoni kwenye waya mmoja wa 2.5 na breka ya 20, yaani wati 4,600. Birika na mashine ya vyombo peke yake ni 4,200.

Breka ikijikata mara kwa mara, usikubali kamwe ibadilishwe kwa kubwa zaidi huku waya ukiwa uleule. Breka hiyo ndiyo inayoulinda waya usiungue ndani ya ukuta. Fundi akikupendekezea hilo, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Jaribio la birika

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linafichua yaliyofichwa na plasta. Chomeka kipima volti kwenye soketi ya jikoni, uandike namba. Washa birika lililojaa maji kwenye soketi ya jirani, subiri nusu dakika, andika tena. Tuseme zilikuwa 230, zikawa 220. Volti 10 zimepotelea njiani, na kwa birika la ampea 9.6 hizo ni takriban wati 96 zinazopasha moto nyaya na maungio.

Sasa rudia kwenye soketi iliyo karibu zaidi na boksi la breka. Volti zikishuka kidogo tu hapo, tatizo liko kwenye waya wa kwenda jikoni: mwembamba, mrefu mno, au kuna ungio limelegea. Zikishuka vilevile, chanzo kiko huko zinakotokea, kwenye laini inayoingia au swichi kuu, na hata ukibadilisha nyaya zote za jikoni hutaona nafuu. Ukisikia soketi ina joto au harufu ya plastiki, acha jaribio, zima breka yake, mwite fundi.

Hatua ya 6: Ikiwa haitoshi

Kuomba laini kubwa au fezi tatu ndiyo tiba kamili, ila anza mapema, maombi huchukua muda. Njia rahisi ni kupikia kwa gesi na kubaki na oveni ya umeme. Majiko mengi ya induksheni pia huruhusu kuwekewa kikomo cha wati wakati wa kufungwa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Vyovyote utakavyochagua, jiko liwe na waya wake kutoka boksi la breka, oveni wake, na mashine ya vyombo wake. Hakikisha pia soketi zina kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha T cha kujaribia, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, unaofanya kazi kweli. Jikoni kuna maji na mabomba ya chuma.

Hatua ya 7: Kabla ukuta haujafunikwa

Mwambie fundi apime nyaya mpya kwa mashine ya kupimia insulesheni (ganda linalozuia umeme usivuje), zikiwa bado wazi. Kisha piga picha kila ukuta, utepe wa kupimia ukionekana kutoka sakafuni hadi kwenye waya, na picha hizo mpe anayekuja kutoboa matundu ya makabati.