Mwembe Mkubwa Ukiangukia Nyumba: Namna ya Kuukata Salama

Masika yakikolea Tanga, ardhi hulowa na miembe ya zamani huanza kung'oka, hasa ile iliyokatwa mizizi wakati wa kuchimba msingi au shimo la choo. Mti ukishalala, watu hukimbilia mapanga. Ngojeni kwanza. Mti ulioanguka bado una nguvu: matawi yamejipinda kwa uzito wa shina na mizizi inavuta upande wake.

1. Umeme kwanza. Kama mti umegusa waya, kaeni mbali mita 10 au zaidi, mwite TANESCO, na watoto waondolewe. Taa kuzimika mtaani si uthibitisho kwamba waya hauna umeme. Jenereta ya jirani iliyofungwa vibaya inaweza kuurudisha. Tawi bichi lina maji, nalo hupitisha umeme. Aliyenaswa chini ya mti, pigieni Zimamoto, 114.

2. Vifaa. Chenso (msumeno wa injini) yenye ubapa, yaani bamba linalobeba mnyororo, wa sentimita 50 inatosha. Kama mashine inataka mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinachukua mililita 100 za oili ya tustroki. Oili ya mnyororo iwe na tangi lake, usiisahau. Kabari ziwe za plastiki au mti mgumu, maana ya chuma ikiguswa inaharibu meno. Kamba nene ya katani, mpya na kavu, naipendelea kuliko nailoni: hainyumbuki sana, kwa hiyo ikikatika hairuki kwa nguvu ile. Vaa miwani, buti na mikono mirefu, kwani utomvu wa mwembe huwasha na kuunguza ngozi.

3. Soma tawi kabla ya kulikata. Hapa usifanye haraka. Kila tawi lililopinda lina upande uliobanwa na upande uliovutwa. Tawi lililoshikiliwa ncha zote mbili, kama daraja, limebanwa juu na kuvutwa chini: anza juu, theluthi moja ya unene, kisha malizia kwa chini. Lililoning'inia upande mmoja ni kinyume chake: theluthi moja kwa chini, halafu juu. Ukianza upande uliovutwa, mti hupasuka kwa urefu na kipande humrukia mkataji. Tazama mwanya wa msumeno muda wote. Mwanya ukianza kufumba, toa ubapa mara moja na ugonge kabari. Ukichelewa, mashine inanasa.

Usisimame mbele ya tawi lililopindwa kwa upande. Simama upande uliobanwa, yaani ndani ya upinde ukiwa nje ya njia yake. Ncha ya juu ya ubapa isiguse kitu, maana mashine inarushwa usoni. Kwenye mitaa kama Ngamiani hapa Tanga, nyumba zikiwa zimebanana, safisha njia ya kurudi nyuma kabla ya kuwasha.

4. Juu ya bati. Usipande. Kenchi zinaweza kuwa zimevunjika hata kama bati linaonekana zima. Weka miti ya kuegemeza chini ya tawi kubwa, punguza vijiti vya nje kwanza, kisha shusha kwa kamba vipande vya mita moja. Gogo la mita moja lenye kipenyo cha sentimita 60, likiwa bichi, linakaribia robo tani. Si la kubebwa mikononi.

5. Shina na kisiki. Ukitenganisha shina na mizizi, sahani ya mizizi (mizizi na udongo ulioinuka pamoja) inaweza kurudi shimoni ghafla na kumfunika aliye humo. Hakikisha hakuna mtu wala mtoto shimoni, acha kipande cha mita 1.5 hadi 2 kwenye mizizi, na usimame kando yake. Wengine hufunga kisiki kwa kamba kwenye mti mwingine kabla ya kukata, na hilo ni jambo zuri.

Mbao za mwembe hushikwa na ukungu na wadudu mapema. Kama unataka kuzipasua, magogo yasikae juani wala mvuani. Na kabla ya gari lenye magogo au mbao kuondoka, ulizia ofisi ya mtaa kuhusu kibali cha kusafirisha.