Jinsi ya kuelewa na kutumia neno "get"

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza hukutana na "get" mapema sana, na kamusi ya mfukoni humwambia ni "kupata". Si uongo. Ila akifika kwenye "It is getting dark" atakwama, kwa sababu hapo hakuna anayepata kitu: giza linaingia.

Dawa yake ni kuacha kuitazama "get" yenyewe. Tazama kinachoifuata. Hapo ndipo maana ilipo.

Ikifuatwa na jina la kitu, maana huwa kupata, kupokea, kununua au kuleta, na mazingira ndiyo yanayoamua. "I got a letter" ni nilipokea barua. "Get two kilos of grapes from Majengo" ni kanunue zabibu kilo mbili soko la Majengo. Mtu naye akitajwa baada ya kitenzi, kama "Get me some water", Kiswahili hutumia kauli ya kutendea: niletee maji.

Ikifuatwa na neno la sifa, kuna badiliko la hali. Jaribu kuweka "become" mahali pake. Sentensi ikikubali, umepatia. Hapa Kiswahili ni tajiri, maana karibu kila badiliko lina kitenzi chake: "get tired" ni kuchoka, "get wet" ni kulowa, "get angry" ni kukasirika, "get better" ni kupata nafuu. "Get old" kwa mtu ni kuzeeka, kwa nguo ni kuchakaa. Utajiri huo ndio unaozaa kosa linalojirudia sana kwenye madaftari. Mwanafunzi anafikiri "nimechoka", anaona -me-, anaandika "I have tired". Kiingereza hakikubali. Sahihi ni "I am tired" ikiwa tayari umechoka, "I am getting tired" ikiwa uchovu ndio unaanza, na "I get tired" kwa jambo la kawaida, yaani huwa nachoka. Andika sentensi hizo tatu pamoja, ukurasa mmoja, na uzisome kwa sauti mpaka tofauti ikukae.

Ikifuatwa na mahali, maana ni kufika. "The train gets to Dodoma at eight" ni treni inafika Dodoma saa mbili. Weka "to" kabla ya jina la mji, lakini usiiweke kabla ya "home", "here" wala "there": "get home", basi.

Kupanda na kushuka kunahitaji uangalifu, kwa kuwa sisi tunapanda kila kitu, iwe basi, bajaji au treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kiingereza hutenganisha. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa kupanua miguu, huchukua "on" na "off": basi, treni, bodaboda. Gari dogo, teksi na bajaji, ambamo unainama na kuingia, huchukua "into" na "out of". Ukisema "get on the car", msikilizaji atafikiri umepanda juu ya bodi.

Ikifuatwa na kitenzi cha umbo la tatu (past participle), kama "stolen", mara nyingi ni kauli ya kutendwa. "His phone got stolen" ni simu yake iliibiwa. "Get married" ni mtego: Kiingereza hutumia maneno hayo kwa wote wawili, wakati kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kihusishi chake ni "to": "She got married to a teacher." "With" hapo ni kosa.

Sasa tofautisha hizi. "I fixed my phone" maana yake nimeitengeneza mwenyewe. "I got my phone fixed" maana yake fundi amenitengenezea. Na "She got the driver to stop" ni alimfanya dereva asimame. Usiisahau hiyo "to". Wengi huiacha kwa sababu "make" haiitaki: "She made the driver stop."

"Have got" haina wakati uliopita ndani yake. "I've got two children" ni nina watoto wawili, na "I've got to go" ni lazima niende. Mmarekani huandika "gotten" pale Mwingereza anapoandika "got", kama "It has gotten cold". Kwa kuwa shule zetu kwa desturi hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwenye mtihani andika "got".

Vifungu kama "get up" (amka), "get rid of" (ondoa kabisa) na "get along with" (elewana na) usivichambue neno kwa neno. Vihifadhi vizima, kila kimoja na sentensi yake.

Kwenye barua ya ofisini, hasa ile inayokwenda wizarani Mtumba, mji wa serikali Dodoma, punguza "get". Andika "We received your letter", si "We got your letter". Kwenye mazungumzo fanya kinyume: kumwambia mama lishe "May I obtain some tea?" ni kujichosha.

Matamshi nayo yana kasoro moja. Ulimi wetu hupenda kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo "get" inatoka "geti", na mgeni anaweza kudhani unazungumzia lango. Kata sauti kwenye "t", ncha ya ulimi ikibaki imegusa ufizi wa juu.

Kwa mazoezi, chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, pigia mstari kila "get" na "got", kisha andika pembeni kitenzi cha Kiswahili. Ukijikuta umeandika "pata" karibu kila mahali, rudia. Anza na hii: "I've got to get to the bus stand before it gets dark, so get the children ready." Jibu: Lazima nifike stendi kabla giza halijaingia, kwa hiyo waandae watoto.